Pandeni Wenyewe, Mimi Nimechoka

Mimi ni afisa utumishi wa watu ambao hawapo duniani. Sikuomba kazi hiyo, silipwi, na kila jioni nikiwasha kompyuta nipumzike nakuta mafaili yananisubiri: huyu kapanda leveli, yule kapanda leveli, mwingine kapanda tangu juzi na hajashughulikiwa. Mtu mzima nimetoka kazini, nimekula ugali wangu, nataka kupigana na mazimwi niende kulala. Badala yake nakaa nachambua nani apewe kipaji gani, nani ajifunze uchawi upi, na kama yule mwizi wetu aongezewe wepesi wa mikono au utamu wa ulimi.

Kwa wasiofahamu, nieleze upesi. Nazungumzia yale magemu ambayo wewe ni kiongozi wa kundi, mnazunguka nchi za ajabu, mnapigana, mnaongea na watu, mnapata uzoefu, na uzoefu ukifika kiasi fulani mnapanda leveli. Huku kwetu ukisema unacheza gemu, watu wanajua ni mpira. Nikiulizwa "timu gani?" najibu "mwizi, kasisi na mchawi", na mazungumzo yanaishia hapo. Sasa humo ndani husafiri peke yako. Una wenzako, nao wanapanda. Wakipanda, nani aamue wamejifunza nini? Wewe mwenyewe, kwa mkono, mmoja baada ya mwingine? Au kompyuta ifanye yenyewe, otomatiki, wewe uendelee na safari?

Wachezaji wamegombana juu ya jambo hili miaka nenda miaka rudi. Mimi nina kinyongo na pande zote mbili.

Tuanzie kwenye chanzo, maana lawama lazima ipate mwenyewe. Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, watu walikaa mezani na karatasi na kalamu, na kila mhusika alikuwa na mtu wake. Mchawi wa fulani akipanda, ni fulani aliyeumiza kichwa. Wengine walikula karanga wakimsubiri. Haki kabisa. Kisha zikaja kompyuta, na mwaka 1981 ikatoka Wizardry, ambamo mtu mmoja, peke yake chumbani, alikabidhiwa kundi la watu sita. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Ingawa Wizardry yenyewe, niseme ukweli, haikukusumbua kwa maswali: uliwapeleka watu wako kulala kwenye nyumba ya wageni, na aliyestahili kupanda alipanda usingizini, sifa zake zikabadilika kwa bahati nasibu. Nimesema zikabadilika, sikusema zikaongezeka. Mtu aliweza kupanda leveli na kuamka nguvu zimepungua, na mhudumu wa nyumba ya wageni akadai chake vile vile.

Baldur's Gate ya 1998, ile ya kampuni ya BioWare, bado ilikuwa na huruma. Ilifuata kanuni za mezani za toleo la pili la Dungeons & Dragons, na kwenye kanuni zile mpiganaji akipanda hakuna mengi ya kuamua. Chukua Minsc, lile pandikizi la mtu linalotembea na panya mdogo wa kufugwa aitwaye Boo na kumtaka ushauri. Minsc akipanda, unabonyeza, dadu linarushwa, anaongezewa uhai, mara moja moja unamchagulia silaha ya kuizoea zaidi, mmemaliza. Kazi ya mkono, lakini mkono wenyewe hauchoki. Balaa lilikuwa dadu likidondokea moja. Hapo wachezaji dunia nzima walikuwa wanarudi pale waliposevu na kurusha upya mpaka dadu lipate adabu.

Kilichotuponza ni toleo la tatu, la mwaka 2000. Hilo ndilo lililoleta orodha ya vipaji, na ujuzi wa kugawia pointi, na kipaji hiki hukipati bila kile, na kile hukipati kama nguvu zako hazijafika 13. Mezani sawa, kila mtu ana mhusika mmoja wa kumsumbukia. Toleo hilo likazaa Pathfinder mwaka 2009, na Pathfinder ikazaa magemu ya kampuni ya Owlcat: Kingmaker mwaka 2018 na Wrath of the Righteous mwaka 2021. Humo mnatembea watu sita, leveli zinafika 20, na ile orodha ya vipaji ukianza kuishusha kwa kipanya, chai inapoa. Wenye gemu wanajua walichotufanyia, ndiyo maana kwenye mipangilio wameweka mahali pa kusema kompyuta iwapandishe wenzako tu, au ikupandishe hata wewe mwenyewe. Hata wewe! Sasa umekuja kufanya nini?

Mpwa wangu hanielewi kabisa nikianza malalamiko haya. Yeye ni wa eFootball kwenye simu. Na mle mna mambo hayo hayo: mchezaji akipanda leveli anapata pointi, unaweza kuzigawa mwenyewe, kasi kidogo, pasi kidogo, au ubonyeze kitufe zigawike zenyewe. "Anko, we bonyeza tu," ananiambia, na kidole chake kimeshabonyeza. Mabeki wote walikuwa wamepanda kabla sijaipata miwani yangu. Akafika kwa mshambuliaji wake, kidole kikasimama hewani. Akaisogeza simu karibu na uso. Akaanza kugawa moja moja: anaongeza, anatazama namba, anapunguza, anarudisha alipotoa, anakuna kichwa.

"Vipi tena? Si ubonyeze?"

"Aah, huyu ni wangu, Anko."

"Na wale mabeki?"

"Mabeki ni mabeki."

Kwa miaka yote niliyosikia watu wakibishana juu ya mambo haya, sijasikia hoja iliyonyooka kama hiyo. Otomatiki ni ya wale usiowapenda. Waungwana wanaosema wanaitumia kwa sababu hawana muda, waulize kama na shujaa wao mkuu wamemkabidhi kwa kompyuta. Hawajamkabidhi. Muda wa huyo upo.

Na otomatiki nimeionja, sisimuliwi. Knights of the Old Republic ya 2003 ilikuwa nayo, Mass Effect ya 2007 ilikuwa nayo, Dragon Age: Origins ya 2009 nayo hivyo hivyo, zote za BioWare, watu waliojua kwamba umekuja kupiga soga na wenzako na kuwapenda wawili watatu kati yao, hukuja kujaza fomu. Nia njema. Lakini ile kompyuta kwa kugawa pointi ina tabia ya mwoga: kila mtu anapewa kidogo cha hiki na kidogo cha kile, asije mtu akalaumu. Mimi nimejikuta na kundi zima la watu wanaojua kila kitu nusu nusu. Tukutane na adui wa maana, kila mmoja anamtazama mwenzake.

Kibaya zaidi, haikupi taarifa. Unaingia vitani, unamfungua mwenzako uone anaweza kufanya nini, unakuta ana mambo hujawahi kuyasikia. Umejifunza lini hili? Nani alikuruhusu? Na wengine wanakuja pointi zao zimeshatumika kabla hamjasalimiana. Morrigan wa Dragon Age, mchawi wa kinamasini mwenye maneno makali kama nini, anajiunga nawe akiwa tayari na utaalamu wa kujigeuza wanyama. Buibui, kwa mfano. Mimi nilikuwa nataka mtu wa kurusha barafu. Akishajigeuza buibui, uchawi wake mwingine unakaa pembeni mpaka aurudie utu. Haya, tumepata buibui.

Wajapani nao wana kilio chao, na ni cha zamani kuliko changu. Dragon Quest IV ya 1990, ukifika sura ya mwisho, wenzako walikuwa wanajiamulia wenyewe cha kufanya vitani. Kulikuwa na kasisi mmoja, Clift, aliyependa mno uchawi wa kuua mtu hapo hapo. Mkifika kwa bwana mkubwa wa majini, ambaye uchawi huo haumgusi hata kidogo, Clift anauita. Anakosa. Anauita tena. Watu wana majeraha, wanahitaji tiba, kasisi yuko kwenye mauaji yasiyoua. Leveli zake hazikuwa na kosa lolote, shida ilikuwa kichwa chake. Huko Japani utani wa Clift haujaisha mpaka leo.

Na usidhani dawa ni kuwaacha wasipande kabisa. Fallout ya 1997 ilijaribu hivyo. Unamchukua Ian pale Shady Sands, kijana mwenye bastola na kujiamini, mnaanza safari. Wewe unapanda, unapanda, unakuwa mtu wa kuogopwa jangwani. Ian yuko pale pale alipokuwa siku ya kwanza. Umpe bunduki ya kumimina risasi, anamimina, na aliye mbele yake, kati yake na adui, ni wewe. Mbwa wa gemu lile, Dogmeat, alipendwa kuliko binadamu wote waliomo, na watu wengi walimpoteza kule kwenye kambi ya jeshi, kwenye zile kuta za umeme, kwa sababu mbwa hakujifunza lolote tangu mlipokutana. Mwaka uliofuata, kwenye Fallout 2, wenye gemu waliwaruhusu wenzako wajiongeze kadiri mnavyokwenda. Walikuwa wamesikia vilio.

Sasa nije kwenye kazi ya mkono, ambayo ndiyo iliyonileta hapa.

Baldur's Gate 3 ilitoka Agosti 2023, kazi ya Larian Studios ya Ubelgiji. Inataka nafasi ya GB 150 kwenye kompyuta. Habari za bando lililotumika kuishusha nimeamua kuzifunga moyoni. Ni gemu zuri kuliko mengi niliyowahi kugusa, na halina kitufe cha otomatiki. Kila mtu unampandisha wewe. Leveli zinaishia 12, wenzako wakuu wapo sita, na mnatembea wanne tu kwa wakati mmoja, wewe ukiwemo. Wanaobaki kambini wanapata uzoefu ule ule wa wanaopigana. Wanaota moto, wanalala, na leveli zinawafuata huko huko. Ukiwapandisha wote sita toka chini hadi juu, umefungua ule ukurasa zaidi ya mara 60.

Na ukurasa wenyewe! Unabonyeza ile alama ya kujumlisha kwenye picha ya mtu, anatokea amesimama mbele yako, mzima mzima, na orodha pembeni. Gale anachagua aina mbili za uchawi kila akipanda. Nasema Gale tu, lakini huyu Gale mwenyewe anajitambulisha kuwa mchawi msomi wa kupigiwa mfano, aliyewahi kuwa mpenzi wa Mystra, mungu wa kike wa uchawi wote. Mtu wa hadhi hiyo amesimama anangoja mimi, niliyekimbia fizikia kidato cha pili, nimchagulie kitabu cha kusoma.

Wyll aliweka mkataba na shetani apate nguvu. Nguvu zimekuja, wa kuamua ziwe zipi ni mimi. Shetani anakusanya malipo, mimi nafanya kazi.

Kisha anakuja Jaheira. Hapa ndipo aibu ilipo. Bi Jaheira alikuwemo kwenye Baldur's Gate ya kwanza, na kwa hesabu ya dunia yao kati ya hadithi ile na hii imepita zaidi ya miaka 120. Mama huyu ameokoa mji kabla wengi wa wenzake hawajazaliwa, ana watoto wa kulea, ana uganga wa msituni wa karne nzima. Ananijia na leveli yake mkononi nimwamulie. Shikamoo, bibi. Naomba nikuchagulie kipaji. Umelelewa vipi wewe, mpaka unamchagulia mtu wa makamo hayo?

Lakini haya yote ningeyavumilia kama si ule ukimya wao. Watu hawa, wasomaji wangu, si mabubu. Katika gemu zima hawana kazi nyingine ila kunung'unika. Ukimsaidia maskini, maandishi yanatokea: Astarion hajapenda. Ukizungumza kwa upole na mfungwa, Lae'zel hajapenda. Shadowheart ana siri zake za yule mungu wake wa giza, na ukimuuliza swali moja la kawaida anakukatia maneno. Astarion anakuamsha usiku akitaka kukunyonya damu, na anatarajia umwelewe. Midomo yote ile! Ila siku ya kupanda, siku inayohusu maisha yao wenyewe, wanasimama kwenye skrini wanahema tu, wanakutazama. Hakuna mwenye hoja.

Nilitaka kuwajaribu kama wana moyo. Kule kambini kuna kizee cha mifupa kinaitwa Withers, ukimpa vipande 100 vya dhahabu anamrudisha mtu mwanzo, aanze hata fani nyingine kabisa. Nikampeleka Lae'zel. Lae'zel ni askari wa kabila linalozaliwa kwenye mayai na kufunzwa vita tangu utotoni, hajui kuomba radhi, na salamu kwake ni udhaifu. Nikamfanya mwimbaji. Mpiga gambusi. Akapokea. Hakuna maandishi yaliyotokea kwamba Lae'zel hajapenda. Asubuhi alikuwa anamtukana kila tunayekutana naye, kama kawaida, na ala mgongoni.

Mama watoto alinikuta nikimrudishia Lae'zel upanga wake, akauliza kulikoni nimekunja uso hivyo. Yeye ni mwalimu.

"Napandisha watu," nikamwambia.

"Madaraja?"

"Ndiyo. Nimechoka, wanakuja mfululizo."

"Na huwa wanasubiri muda gani?"

Nikamjibu kwa uaminifu kwamba toka wapande mara ya mwisho wamepigana mara chache tu. Akaitazama ile skrini kwa muda. Daraja lake yeye ni hadithi ndefu ambayo siiandiki hapa.

"Na mimi niingize humo," akasema, akaenda kulala.

Sasa najua watu wa kazi ya mkono watanijia juu. Watasema starehe yenyewe ndiyo hiyo, kupanga na kupangua, kumjenga mtu toka chini. Nakubali, na wana ushahidi. Shadowheart anakuja akiwa kasisi wa fani ya hila, fani inayomfaa kabisa kwa hadithi yake, maana mtu mwenyewe ni wa kuficha mambo, lakini vitani wachezaji wengi wanailalamikia. Amebeba pia kombora la moto alilorithi kwa uzao wake, linalotegemea alama ya Akili, wakati nguvu zake zote ziko kwenye Busara. Analirusha, linapita kando. Wenye gemu walimgawia kwa kuangalia tabia yake badala ya manufaa yake, na mtu wa mkono anamrekebisha kwa vipande 100. Otomatiki isingemrekebisha. Ingeendelea kumwongezea hila.

Hata hivyo, ninachokitaka mimi hakipo upande wowote. Ninataka waseme. Huyu Astarion anapopanda aje aniambie anataka nini, na kwa nini, na nikimnyima achukie, maandishi yatokee. Gale alete orodha yake mwenyewe, ameishaitia alama, niitie saini au niikatae. Jaheira asije kabisa. Apande huko aliko, anijulishe. Lae'zel akiona namsogeza kwenye gambusi, anikate kichwa, nitakuwa nimejifunza. Larian wameandika maneno mengi kiasi kwamba watu hawa wana maoni juu ya kila tunalopita njiani. Wameshindwaje kuwaandikia sentensi chache za siku ya kupanda?

Naomba hilo kwa yeyote anayetengeneza gemu la namna hii sasa hivi. Usinipe kitufe cha otomatiki kinachogawa kwa uoga, wala usiniachie kundi zima la mabubu. Nipe watu wabishi hadi kwenye pointi zao.

Na wewe unayeanza safari hiyo wikiendi hii na Jumatatu una kazi: wale watatu unaotembea nao wapandishe kwa mkono, polepole, uwajue. Waliobaki kambini usiwaguse. Leveli zao zinajilimbikiza tu, tatu, nne, tano, na siku ukimhitaji mmoja wao utampandisha zote kwa mkupuo. Gemu halina tarehe ya mwisho ya kuzichukua, na pointi haziozi.